WhatsApp, Facebook, Instagram au TikTok: mfanyabiashara wa Mwanza ajenge wapi?

Mfanyabiashara mdogo wa Mwanza hana muda wa kuihudumia mitandao minne kwa nguvu sawa. Anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba huamka kabla ya jua ili kupokea mzigo kutoka visiwani, na anayeuza vitenge Makoroboi husimama kutwa nzima akiwahudumia wapita njia. Saa moja ya jioni inayobaki, pamoja na bando lililosalia kwenye simu, ndiyo mtaji wake wote wa kujitangaza. Kuchagua mtandao ni kuamua mtaji huo uende wapi, na jambo hilo linastahili uangalifu uleule ambao mtu huutumia anapotafuta fremu ya kupanga. Ninalinganisha hapa WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok, ambayo ndiyo mitandao ninayoiona ikitumika zaidi kuuzia mjini hapa. Sitaipima kwa idadi ya watumiaji, kwa kuwa yote ina watu wengi kuliko ambao duka moja linaweza kuwahudumia. Kipimo changu kikuu ni hiki: mteja akishanijua kupitia mtandao huu, je, kesho ninaweza kumfikia hata kama mwenye mtandao amebadilisha masharti?

Inafaa kuanza na wenye mitandao yenyewe, kwa sababu mitandao hii minne inatoka katika nyumba mbili tu. Facebook ilianzishwa na Mark Zuckerberg na wenzake wakiwa Chuo Kikuu cha Harvard Februari 2004. Mwaka 2012 ilikubali kuinunua Instagram kwa dola bilioni 1, na mwaka 2014 ikatangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Kampuni inayomiliki zote tatu sasa inaitwa Meta, na TikTok ni zao la ByteDance ya China. Ununuzi huo ulikuwa mkakati wa makusudi, kwani katika barua pepe ya mwaka 2008, ambayo baadaye ilitumiwa kama ushahidi dhidi yake, Zuckerberg aliandika kwamba ni afadhali kununua kuliko kushindana. Tume ya Biashara ya Marekani ilifungua kesi Desemba 2020 ikidai kwamba kampuni hiyo imehodhi soko, lakini Novemba 2025 jaji aliamua kwamba madai hayo hayakuthibitishwa, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba TikTok na YouTube zinashindana nayo kikwelikweli. Kwa muuzaji wa Mwanza maana yake ni kwamba, kwa sasa, Instagram na WhatsApp zinabaki chini ya paa moja na Facebook.

Paa hilo lilipovuja tuliona wote. Tarehe 4 Oktoba 2021, kuanzia baada ya saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu hadi baada ya usiku wa manane, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote kwa sababu ya hitilafu ndani ya mitambo ya kampuni yenyewe. Mtu aliyekuwa na ukurasa Facebook, akaunti Instagram na kundi la wateja WhatsApp alidhani ametawanya biashara yake sehemu tatu, kumbe yote ilikuwa ghala moja lenye milango mitatu. Anayechagua mitandao miwili kwa ajili ya usalama achague mmoja kutoka kila nyumba.

Kwa nini basi watu hawahami tu kwenda kwenye mtandao mwingine ulio bora zaidi? Mtu wa ziwani hahitaji maelezo marefu hapa, maana ameuona mwalo unavyofanya kazi. Mitumbwi hushusha samaki kwenye mwalo wenye wanunuzi, na wanunuzi huenda kwenye mwalo wenye mitumbwi. Ukijengwa mwalo mpya wenye sakafu safi na barafu ya kutosha, utakaa mtupu kwa sababu kila upande unasubiri mwenzake atangulie. Google, pamoja na utajiri wake wote, ilifungua mtandao wa Google+ mwaka 2011 na ikaufunga kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Hata WhatsApp ilipotangaza masharti mapya ya faragha Januari 2021 na mamilioni ya watu wakapakua Telegram na Signal kwa hasira, wengi niliowafahamu walikuwa wamerudi kabla ya Pasaka, kwa sababu shangazi, kundi la harusi na wateja walikuwa bado kulekule.

Hata hivyo mwalo unaweza kufa. MySpace ilikuwa kubwa kuliko Facebook wakati News Corp inainunua mwaka 2005 kwa dola milioni 580, na mwaka 2011 iliuzwa kwa takriban dola milioni 35. Wanamuziki waliokuwa wamejikusanyia mashabiki mle ndani walilazimika kuwatafuta upya, mmoja mmoja, mahali pengine. Kila mara ninapomwona kijana anasherehekea wafuasi elfu kumi huwa nawakumbuka watu hao.

TikTok ndiyo iliyopata njia ya kuvunja kanuni ya mwalo. Haikuanza kwa kuwauliza watu marafiki zao ni nani. Kompyuta zake huangalia umetazama video gani hadi mwisho, ipi umeirudia na ipi umeiruka, kisha hukuletea nyingine za aina hiyo hata kama aliyezirekodi humjui kabisa. ByteDance ilianza na Douyin nchini China mwaka 2016, ikaitoa TikTok kwa nchi nyingine mwaka 2017, na Agosti 2018 ikaunganisha humo Musical.ly, programu iliyokuwa na vijana wengi wa Marekani. Meta ilijibu kwa kunakili, kama ilivyofanya Agosti 2016 ilipoongeza Stories (picha na video zinazotoweka baada ya saa 24) ndani ya Instagram baada ya kuona mafanikio ya Snapchat: Agosti 2020 ikatoa Reels, yaani video fupi za mtindo wa TikTok. Tangu hapo Instagram na Facebook zimekuwa zikikuonyesha video nyingi za watu usiowafuata. Ushindani huo umemnufaisha muuzaji mgeni na umemuumiza yule wa zamani, na tofauti hiyo inastahili kutazamwa kwa makini.

Katika kumpata mteja asiyekujua, TikTok ndiyo ya kwanza, na sioni ya pili iliyo karibu nayo. Akaunti iliyofunguliwa jana inaweza kutazamwa na mamia ya watu leo ikiwa video yake inamshika mtu tangu sekunde za mwanzo. Tatizo ni kwamba watazamaji hao wanaweza kuwa Mombasa, Lubumbashi au Muscat, na muuzaji wa maandazi ya Buzuruga hawezi kumpelekea mtu wa Muscat maandazi. Instagram inafuata kwa upande wa Reels, na ina faida moja ambayo TikTok haina kwa kiwango hicho: mteja akiingia kwenye ukurasa wako anaona picha zako zote zimepangwa kama vitambaa kwenye rafu, hivyo ni rahisi kwake kuchagua. (Hapa niwaombe wenzangu wa Instagram waandike bei. Kumwambia mteja aulize bei faraghani ni kumfukuza mtu aliyekuwa tayari mlangoni.) Facebook imeshuka sana kwa kurasa za biashara. Januari 2018 kampuni ilitangaza kwamba itaupa uzito zaidi mazungumzo ya marafiki na ndugu, na kurasa nyingi zilizokuwa zikifikia wafuasi wake bure zikajikuta zinatakiwa kulipia matangazo ili ziwafikie watu walewale. Kilichobaki na nguvu Facebook ni makundi, hasa ya kuuza na kununua ya mkoa au wilaya, ambako mtu wa Sengerema au Nansio bado anauliza nani ana mashine ya boti na akajibiwa siku hiyohiyo. WhatsApp haikusaidii kumpata mgeni hata kidogo, isipokuwa mteja wako mwenyewe akupeleke kwa mwenzake.

Ukiishia hapo utachagua TikTok na kufunga mjadala. Lakini kumpata mteja ni nusu ya kazi, na hata si nusu ngumu.

Mdogo wangu anauza vitenge na magauni yaliyoshonwa tayari. Kwa miaka minne alijenga akaunti katika mtandao mmojawapo wa picha na video, akawa na wateja hadi Bukoba na Kahama, na mawasiliano yote yalifanyika mlemle kwa sababu ilikuwa rahisi. Siku moja alipokea ujumbe uliojifanya umetoka kwa wenye mtandao ukimtaka athibitishe akaunti yake. Akabonyeza kiungo, akaandika nywila, na kabla ya saa ya pili mwizi alikuwa amebadilisha kila kitu na kuanza kuwaomba wateja wake pesa. Aliandika barua pepe nyingi za kuomba msaada na majibu yaliyokuja yalikuwa ya mashine. Nakumbuka alivyoniambia kwa sauti ya chini, “Kaka, siyo picha zinazoniuma, ni kwamba hata majina yao siyajui.” Alikuwa na namba za simu za wateja wachache tu, zile alizoziandika kwenye daftari la madeni. Wale wa daftarini ndio aliowapigia wiki ileile kuwaonya kuhusu mwizi, na ndio walionunua mzigo uliofuata.

Kwa kipimo hiki mpangilio unageuka kabisa. TikTok na Instagram zinakupa wafuasi, lakini mfuasi ni jina la bandia lenye picha ya maua; huna namba yake, huwezi kumhamisha, na siku kampuni ikibadilisha kanuni ya kuchagua nani aone nini, huna pa kukata rufaa. Facebook iko katikati, kwa kuwa wengi hutumia majina yao halisi na unaweza kujua mtu anatoka wapi, ingawa bado orodha ni ya mwenye mtandao. WhatsApp peke yake imejengwa juu ya namba ya simu. Mteja akikuandikia mara moja namba yake umeipata, unaihifadhi, unaiandika daftarini, na hata WhatsApp ikifa kesho utampigia au utamtumia ujumbe mfupi wa kawaida. Uwezo huo wa kuondoka na wateja wako ndio ninaouthamini kuliko mengine yote.

Ndani ya WhatsApp yenyewe zipo njia kadhaa, na hazilingani. Kundi linachukua hadi watu 1,024, lakini kila mwanachama anaweza kuziona namba za wenzake, hivyo mshindani wako akiingia ataondoka na wateja wako wote kwa jioni moja. Mimi simshauri muuzaji awaweke wateja kwenye kundi. Orodha ya matangazo, ambayo hutuma ujumbe mmoja kwa wengi huku kila mtu akiupokea peke yake, inachukua watu 256 kila moja, na ujumbe huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako, sharti ambalo wengi hulilalamikia ingawa kwa kweli linakusaidia kujua nani anakutaka. Status hudumu saa 24 na inatosha kabisa kwa bidhaa ya siku hiyo, kama sato aliyefika asubuhi. Chaneli, zilizofunguliwa katika nchi nyingi Septemba 2023, hupokea wafuasi bila kikomo, ila hazikupi namba zao, kwa hiyo zinakurudisha kwenye udhaifu wa Instagram. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, inakuwezesha kupanga bidhaa na bei kwenye katalogi bila malipo, na sioni sababu ya muuzaji kuendelea kutumia ile ya kawaida.

Nguvu hiyo ina hatari yake. Kwa kuwa kila kitu kimefungwa kwenye namba, anayepoteza namba amepoteza duka. Laini iwe imesajiliwa kwa alama zako mwenyewe za vidole, wala isiwe ya shemeji aliyekusaidia mwaka ule hukuwa na kitambulisho cha taifa, na itumike mara kwa mara, kwa maana laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba yake kupewa mtu mwingine. Weka pia ile namba ya siri ya tarakimu sita ambayo WhatsApp huiita uthibitisho wa hatua mbili.

Mtu atauliza kwa nini asiwavute tu wateja kutoka TikTok kwenda WhatsApp na kupata mema ya pande zote. Hivyo ndivyo ninavyoshauri, lakini ajue kwamba anafanya jambo ambalo wenye mitandao hawalipendi. Kila kampuni huishi kwa muda ambao mtu anautumia ndani yake, na ndiyo maana maelezo ya picha ya Instagram hayakubali kiungo cha kubonyeza. Kampuni hizi zimefungiana milango tangu zamani. Desemba 2012 Instagram ilizuia picha zake zisionekane vizuri ndani ya Twitter. Januari 2013 Facebook iliizuia Vine, programu ya video fupi ya Twitter, isiweze kutafuta marafiki wa mtumiaji kupitia Facebook. Na Desemba 2022, baada ya Elon Musk kuinunua Twitter kwa dola bilioni 44, mtandao huo ulipiga marufuku viungo vya Facebook na Instagram kabla ya kubatilisha uamuzi huo upesi kwa sababu ya kelele. Kinachopita kwenye milango yote hiyo ni tarakimu kumi zinazosomeka kwa macho. Iandike namba yako ndani ya video yenyewe na uitamke kwa sauti, na iwe ileile kwenye mfuko wa kufungashia na kwenye bango la dukani.

Kuhusu gharama nitasema machache. Video hula bando kuliko kitu kingine chochote, kwa anayerekodi na kwa anayetazama, hivyo TikTok na Reels ni ghali zaidi, Facebook inafuata, na WhatsApp ya maandishi, picha chache na ujumbe wa sauti ni nafuu kuliko zote. Facebook iliielewa hesabu hii mapema: ilikuwa na Kiswahili tangu mwaka 2009, na mwaka 2014 ikashirikiana na Tigo ili Watanzania waitumie bila kukatwa salio. Nadhani sehemu ya wateja wa rika la wazazi wetu walioko Facebook hadi leo waliingia kwa mlango ule na hawajaona haja ya kutoka. Anayewauzia watu hao pembejeo, nyavu au vipuri vya injini asiidharau Facebook kwa sababu vijana wameikimbia.

Lipo pia suala la mtandao kufungwa na serikali, ambalo halimo mikononi mwa muuzaji wala mwa kampuni. India iliifungia TikTok mwishoni mwa Juni 2020, na ndani ya siku moja watu waliokuwa wakiendesha maisha yao kwa video walibaki bila watazamaji. Kwetu, X (ile iliyokuwa ikiitwa Twitter) ilifungwa Mei 2025, na ndiyo sababu sijaiweka kwenye ulinganisho huu. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti yenyewe ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na hapo mitandao yote minne ilikuwa sawasawa. Namba iliyoandikwa daftarini haitegemei intaneti.

Sasa kuhusu nani achague nini. Anayeuza dagaa kwa jumla Kirumba, ambaye wanunuzi wake wanatoka Dar es Salaam, Rwanda, Burundi na Kongo, aweke karibu nguvu zake zote WhatsApp. Wanunuzi hao ni wachache, mizigo yao ni mikubwa, na wanachotaka ni picha ya gunia lililofunguliwa asubuhi hiyo, bei, na sauti ya mtu wanayemwamini. TikTok aitumie mara moja kwa wiki kwa jambo moja tu: kuonyesha dagaa wake wakianikwa kwenye vichanja, kwa sababu mnunuzi wa mbali huogopa mchanga, na hakuna maelezo ya maandishi yatakayomtoa hofu kama video ya kichanja kilichoinuliwa juu ya ardhi.

Fundi na muuzaji wa nguo waanze na Instagram, maana nguo huchaguliwa kwa macho na mteja hupenda kurudi kutazama mishono ya zamani. Video zilezile za Reels wazipandishe na TikTok bila kuzirekodi upya, na kila oda ikamilishwe WhatsApp hata kama mteja anaona usumbufu. Mwenye nyumba ya wageni au boti ya kukodi Ukerewe atapata wenyeji kupitia makundi ya Facebook na wageni wa mbali kupitia Instagram, na sioni TikTok ikimsaidia sana mpaka awe na mtu wa kurekodi vizuri.

Aliye katika hali ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni mama anayepika keki na vitafunwa karibu na vyuo vya Nyegezi. Wateja wake ni wanafunzi, na kila mwaka kundi zima humaliza masomo na kurudi makwao, hivyo orodha ya namba ambayo kwa mwenzake wa Kirumba ni hazina ya miaka kumi, kwake inachakaa kwa mitatu. Huyu hawezi kuacha kutafuta wageni hata mwaka mmoja. Kwake TikTok ije kwanza, hasa wiki zile ambazo mwaka wa kwanza wanaripoti na bado hawajui wale wapi. Status ya WhatsApp ije ya pili, ikionyesha kilichotoka jikoni kabla ya vipindi vya jioni kuisha. Na wale wanaomaliza asiwafute, kwa maana mhitimu aliyepata kazi Geita bado ana mdogo wake aliyebaki bwenini, na siku ya kuzaliwa ya huyo mdogo mtu ataagiza keki kwa simu na kulipia kwa lipa namba.